Wingu la Karatasi Lililoanguka Pemba

Doha, Ijumaa, 22 Novemba 2013. Ni miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Kaka Hamadi,

Leo hatuendi kazini. Nimefua, nimekula, wenzangu chumbani wamelala, nami nimeona nikuandikie. Ulikufa mwezi wa nne. Walikuzika alasiri ile ile. Mimi nilikuwa kazini Lusail, juu ya jukwaa la ujenzi, nafunga nondo. Nilipopata habari nikaendelea kufunga.

Kipima mvua chako cha uani sasa anakisoma shemeji, saa tatu asubuhi, kama wewe. Kwenye televisheni ramani ni ya kompyuta. Mawingu hayadondoki tena.

Ulianza kwa kupima mvua pale uwanja wa ndege, ukasoma redioni, kisha televisheni miaka tisa, kwa koti moja la kijivu. Shemeji alikuwa akikukatia mawingu ya karatasi kwa mkasi wake wa kushonea, wewe ukayabandika kwenye ramani. Barazani walikuita Bwana Mawingu. Jirani yetu Mzee Faki akisema, "Huyu akitangaza jua, chukueni miavuli!" Na kila jioni yeye ndiye wa kwanza kukaa mbele ya televisheni.

Jioni moja, msimu wa karafuu, ulisema, "Pemba, mvua kubwa kesho kabla ya adhuhuri." Hapo hapo wingu la Pemba likabanduka nyuma yako, likaenda chini. Hukuliona. Barazani watu walicheka mpaka wakapiga makofi, na maneno yako yakapotea. Mimi nilikuwa karibu na televisheni, nikayasikia. Lakini kwenye ramani Pemba ilikuwa wazi, na mimi nilikuwa na karafuu zetu na za Mzee Faki za kuanika. Nikafuata ramani, maana ndiyo iliyosema nilichotaka. Asubuhi nikazitandaza majamvini, nikaenda kuchuma nyingine. Mvua ikashuka, nyumbani hakuna wa kuanua. Zote zikaoza.

Mzee Faki aliponiuliza, nilimjibu, "Kaka hakutaja mvua."

Basi. Watu wakapeleka malalamiko kwa wakubwa wako. Ukajitetea kwamba uliitaja, wakakwambia hata mdogo wako hakuisikia. Wakakurudisha uwanja wa ndege kupima mvua. Siku ya safari yangu ukanipa koti la kijivu na kusema, "Kule jua tu, Hamisi. Hata wewe unaweza kutabiri." Sijui kama ulijua. Nadhani ulijua.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la juzi. Bwaloni televisheni ni ya Kiarabu cha haraka, mimi natazama picha tu. Otieno, Mkenya tunayefanya naye kazi, akaniuliza, "Mpemba, si ndugu yako alikuwa mtu wa weather? Kesho iko namna gani?" Nikaona picha ya jua, nikasema jua. Kesho yake mvua ikatukuta na zege bichi, tukakimbizana na maturubali. Otieno akapiga kelele, "Wacha, Mpemba! Umetuchoma! Si ulisema jua?" Nikamjibu, "Ramani ilionyesha jua." Nikasikia mdomo wangu: ni ule ule uliomjibu Mzee Faki. Nikashika pembe ya turubali, tukaendelea kufunika.

Sikulia, Kaka. Nakueleza tu yalivyokuwa. Ulikuwa mtabiri mzuri, na kazi yako niliiua mimi, si wingu.

Koti liko kwenye msumari juu ya kitanda changu. Asubuhi zimeanza kuwa za baridi, nalivaa kwenda kwenye basi. Nitarudi nalo. Sitaanzia nyumbani. Nitapita barazani saa ya taarifa ya habari, wote wakiwa wamekaa, nizime televisheni nimwambie Mzee Faki mbele yao: alisema mvua, nami nilisikia. Wanifanye watakavyo. Kisha nitakuja kaburini kukusomea.

Pumzika, Kaka. Mkataba unaisha mwezi wa sita. Mwezi wa saba, kabla karafuu hazijaanza kuchumwa, nitakuwa Pemba, Mungu akipenda.

Mdogo wako,
Hamisi