Viboko vya Kigingini

Jumatatu, 3 Juni
Nimefagia uwanja. Nimekunywa chai ya rangi. Nimerudi kwenye sura ya tatu ya kitabu changu cha historia ya mtaa, na hasira ile ile. Watu wa Kigingini wanasema mtaa wao umeanza juzi tu, viwanja vilipopimwa. Uongo. Hapa palikuwa kambi ya mpakani ya Wajerumani. Mji wao uliishia hapa. Kusini ya hapa ilianza nchi ambayo ilikuwa bado haijapigwa ikanyamaza. Wakachimbia vigingi, wakaweka askari, wakajenga boma. Ofisi ya serikali ya mtaa imekaa juu ya msingi wa boma hilo. Nyuma ya choo mawe ya matumbawe bado yamejitokeza, watu wanayakalia wakila maandazi.

Na kazi ya boma bado inaendelea. Kila Jumamosi baada ya alasiri walinzi wa mtaa wanachapa watu hapo uwanjani. Mwizi wa kuku, mlevi aliyemtukana mama mkwe, yeyote. Viboko ishirini na tano. Si ishirini, si thelathini. Nimewauliza wazee kwa nini. "Ndiyo mila yetu, Mwalimu. Wewe wa kuja huwezi kujua." Mila gani! Hiyo ni hamsa ishirini ya Mjerumani. Babu zao walilazwa chini wakachapwa hesabu hiyo hiyo, nao wajukuu wameirithi kama shamba.

Jumatano, 5 Juni
Wamemkamata Shomari. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, fundi bomba, mtu wa maneno machache. Pampu ya kisima cha Haji Kitwana imepotea. Shomari ndiye aliyeifunga, basi ndiye mwizi. Ushahidi wote ni huo. Walimpiga makofi mbele ya Zuhura, mkewe, mpaka jino likatoka. Wamemwachia hadi Jumamosi.

"Akikimbia, Mwalimu, tunakuchapa wewe." Huyo ni Mbwana, mkuu wa walinzi. Mgambo wa zamani, tumbo na filimbi. Nikamwita mbwa wa boma. Hakuelewa. Ikabidi nimweleze boma ni nini na mbwa ni nani. Utamu wa tusi ukaisha.

Nimekwenda kituo kidogo cha polisi, wakasema: mambo ya mtaani malizaneni mtaani. Nimemwambia Shomari apande basi la mkoani pale Mbezi Luis leo leo, aende popote. Amekataa. "Nikikimbia nimekuwa mwizi, Mwalimu. Kazi zangu zote ziko humu humu mtaani."

Alhamisi, 6 Juni
Nimeandika. Kurasa sita kwa pumzi moja, nimezituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Sikuwahurumia. Nimeeleza ilivyokuwa bomani, kitu kwa kitu: pipa tupu ambalo mtu alilazwa juu yake. Gunia lililoloweshwa maji na kutandikwa mgongoni, ili ngozi isipasuke na bwana mkubwa akikagua aone migongo mizima. Mhesabuji wa kupaza sauti. Mke kushikwa kichwa atazame. Nimemalizia: mnajivunia mjeledi wa aliyewachapa.

Aibu itawashika. Watu wanaweza kuvumilia ukatili, hawavumilii kuchekwa.

Ijumaa, 7 Juni
Simu haijatulia tangu asubuhi. Vidole gumba, makofi, moto.
"Mwalimu umetisha!"
"Kumbe na sie tuna historia, siyo wa Bagamoyo peke yao."
"Tulikuwaga tunachapa kienyeji tu, kumbe kuna utaratibu wake."

Hilo la mwisho nimelisoma mara mbili. Nikadhani ni mzaha. Jioni nikitoka dukani nimemkuta Mbwana anavingirisha pipa kuelekea ofisini. Akanipigia saluti.

Nimetuma ujumbe mwingine: sikusema mfanye, nimesema acheni.

Jumamosi, 8 Juni
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Walimjia baada ya alasiri. Nilisimama mlangoni, wakanitoa kama pazia. Uwanja ulijaa kama harusi. Wamevaa vizuri! Wanawake wamekuja na viti. Pipa katikati. Kijana mmoja mwenye shati la mikono mirefu ameshika simu, anasoma. Maneno yangu. Anasoma kituo kwa kituo, Mbwana anatekeleza. Gunia. Ndoo. "Somea hapo pa mke." Wawili wakamshika Zuhura kichwa.

Nilimpiga Mbwana kwa stuli. Nilitaka kichwa, nikapata bega. Nikapiga tena. Mtu akanikanyaga mkono. Wakanikalisha chini wanawake watatu, mmoja mwanafunzi wangu wa zamani. "Shikamoo Mwalimu, tulia basi. Si tunafuata ulivyoandika?"

Mhesabuji ana sauti ya muadhini. Shomari alipiga kelele hadi kumi na saba. Baada ya hapo ni fimbo tu, na majimaji ya gunia, na ile sauti nzuri ikihesabu. Walimaliza zote. Mgongo haukupasuka. Gunia lilifanya kazi yake.

Nimetaka kuwaua. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nimetaka pia kujiua mimi, kwa dakika chache.

Jumapili, 9 Juni
Hospitali. Mkojo wake mweusi kama kahawa. Nesi anauliza kapigwa lini, mbona ngozi nzima? Nikaeleza kuhusu gunia. Daktari aliniangalia kama nimelibuni mimi. Misuli imepondeka ndani, sumu yake imeingia kwenye figo. Wamemwunganisha na mashine ya kusafisha damu.

Zuhura anapita ninapokaa kama anapita nguzo.

Jumatano, 12 Juni
Pampu imepatikana. Mtoto mkubwa wa Haji Kitwana aliipeleka kwa fundi kule Chamazi isukwe upya waya za mota, akasahau kumwambia baba yake. Amesahau! Haji ametuma mchele. Zuhura ameurudisha na gunia lake.

Mbwana, mbele ya duka, watu wakicheka: "Basi vile viboko aviweke akiba, siku akiiba kweli tutamkatia."

Nimepita kituo kidogo cha polisi bila kusimama, nikaenda kikubwa. Nimewapa majina: Mbwana, msomaji, mhesabuji, washikaji. Nikawapa kurasa sita, nikasema hizi ni zangu, nami niandikeni. Afisa akasema kuandika historia si kosa. Nikamwambia aandike hata hivyo. Tumegombana hadi akaandika.

Jioni wamemchukua Mbwana. Alipita dirishani kwangu na pingu. Hakutukana. "Mwalimu, si wewe mwenyewe?"

Mawe juu ya bati hadi magharibi. Moja limevunja kioo.

Ijumaa, 14 Juni
Figo zimeanza kufanya kazi. Nimelia chooni. Duka limekataa kuniuzia sukari.

Jumapili, 16 Juni
Shomari amerudi. Analala kifudifudi chumba cha uani. Nimepika uji wa ulezi, nikabisha hodi. Zuhura akafungua, akatazama bakuli, akasogea nipite.

Nikakaa chini nikamlisha Shomari. Alimeza polepole.

"Mwalimu."
"Naam."
"Kwenye kitabu chako mie usinitie."
Nikasema sawa.

Alikunywa nusu. Kisha Zuhura akakitoa kijiko mkononi mwangu, bila kuvuta, akakaa nilipokuwa nimekaa, akaendelea yeye.