Moto wa Uani

Mama Asteria,

Chai iko kwenye chupa, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nimeifunika kwenye sufuria. Asteria avae sweta na soksi hata akilia. Baridi ya mwezi huu wa saba si ya mchezo. Mimi nimepanda basi la Kagongwa ~~na sirudi mpaka mume wako anifuate~~. Nitarudi jioni.

Asubuhi umetukuta uani tunaota moto, mimi na mjukuu wangu, ukasema nimetia masizi vitofali vyako vipya. Kwetu Ushetu moto wa nje, shikome, haumwagiwi maji. Unafukiwa kwenye majivu, na alfajiri unaupuliza tu. Marehemu baba mkwe wako alikaa pale kila kipupwe, uso unaiva, mgongo unaganda, halafu anageuka, huku akiwataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina. Mumeo alijifunzia kuhesabu hapohapo. Nilitaka Asteria naye anuke moshi kidogo.

Haya, vitofali nimevisugua. Huko Kagongwa nimefuata karai bovu kwa wifi yangu, pamoja na gunia la mavi makavu ya ng'ombe. Leo moto utakaa ndani ya karai.

Tena asubuhi ile nilipoingia ndani na mtoto, nilikuona kupitia dirisha. Umekuja na ndoo, ukaiweka chini, ukachuchumaa ukapasha viganja moto mpaka ukaridhika, ndipo ukamwaga maji.

Kigoda chako nimekiweka upande usio na moshi.

Bibi yake Asteria