Ziwa la Dagaa Wako

Mama, shikamoo.

Nipo Ujiji, ufukweni. Miaka yote unauza dagaa wa Kigoma hapo Tabora na ziwa lenyewe hujawahi kuliona. Mama, maji yamenifika kiunoni na bado naviona vidole vyangu vya miguu! Ng'ambo, milima ya Kongo imekaa kama mawingu. Nilimuuliza mama mmoja anayeanika dagaa kama kina ni kirefu. Akacheka: "Mwanangu, ukidondosha jiwe katikati huko asubuhi, linatua chini wewe unaosha vyombo vya mchana." Nilipomweleza habari zako, akakufungia dagaa. Amesema hawa ni wa kula, usiwauze.

Pole na goti lililokuzuia kuja nami. Leo nimesimama ziwani kwa miguu miwili, mmoja wangu, mmoja wako.

Mwanao, Zawadi