Ngata Niliyokuwekea Ulipopasuliwa

Mume wangu, Baba Shomari,

Salamu zangu zikufikie huko ulikolala, na Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana kuliko ile ya kitanda chetu. Mimi mzima, ila magoti yananilalamikia. Unajua sikutiwa chuoni, alifu siijui ilivyokaa, basi anayeshika kalamu ni dada yako Mwantumu. Nimemwonya mapema kwamba nitataja mambo yako ya chini ya shuka, na asinikoholee. Ameshakohoa.

Nakuandikia kukuambia kwamba siri yako nimeitoa. Usinikunjie uso kwanza, nisikilize.

Juzi alasiri nilikuwa uani napepeta mchele, nikamwona mjukuu wetu Mwanahawa anaingia na furushi kichwani. Ni yule binti wa Shomari, uliyemwacha hata meno ya utoto hajaanza kung'oa. Sasa ni mwanamke, anavaa hizi leso mpya zenye maua, na ameolewa Mlingotini na kijana mmoja mkwezi wa minazi, jina lake Juma. Kijana mrefu, mpole, ana haya kama mwari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Furushi la nini?"

"Nimerudi."

"Umeachwa?"

"Bado. Lakini hanitaki."

Nikamkalisha mkekani, nikampa maji, nikamhoji kama kadhi. Anakupiga? La. Anakunyima chakula? La. Ana mwanamke mwingine?

"Hata kusimama hawezi, bibi, huyo mwanamke mwingine atamfuata vipi?"

Ndipo yalipotoka. Juma alikuwa na busha. Alilificha chini ya kanzu mpaka likawa linamzuia kuukumbatia mnazi, na mkwezi asiyeweza kuukumbatia mnazi atakula nini? Akaenda kwa tabibu, akapasuliwa, mwezi bado haujaisha. Na tangu siku hiyo amegeukia ukutani. Mwanahawa akileta uji, anaambiwa auweke mlangoni. Akitaka kumtazama kidonda, shuka inavutwa mpaka shingoni. Uvimbe haujaisha. Wakwezi wenzake wanapita dirishani wanauliza, "Maksai wetu ameamkaje?" Asubuhi ile alimwambia mkewe, "Nenda kwenu ukatafute mume. Mimi tabibu amenimaliza."

Niliposikia neno maksai, ungo niliuweka chini. Wewe pia walikuita hivyo.

Unakumbuka? Ulikuwa kijana, ndoa yetu ina miaka mitatu, nyumba haina mtoto, na wewe kila siku unabeba makanda ya chumvi kutoka kwenye majiko ya kuchemshia chumvi huko ufukweni huku busha linakupiga mapajani. Wanaume wa pwani hii wenye busha ni wengi, hilo halikuwa la ajabu. La ajabu lilikuwa kukubali kukatwa. Ngariba alitoka Unguja, mzee mwembamba mwenye mikono safi, nikampenda kwa mikono ile. Wewe uliuma pindo la kanzu yako. Watu wa nje walisema hukutoa sauti. Mimi niliyekushika kichwa najua ulinitukana mimi, ukamtukana mama yangu, ukamalizia na mbuzi wa jirani.

Ngariba alipomaliza alinieleza mimi, maana wewe ulikuwa umefumba macho hutaki kujua lolote. Akasema, "Nimetoa maji na mfuko wake. Kende zake zipo zote mbili, sikuzigusa. Mfunge winda, asibebe kitu, asichuchumae, na wewe asikukaribie mpaka kidonda kifumbe. Ukisikia harufu mbaya, au homa ikipanda, niite." Akachukua jogoo wetu, akaenda zake.

Hakuniambia kwamba kesho yake utavimba kuliko kabla ya kukatwa. Hakuniambia kwamba utageuka rangi ya zambarau, na zambarau ile itateremka pajani mpaka karibu na goti. Nilipofunua nilitaka kupiga yowe. Nikajiuma ulimi, nikasema, "Inaendelea vizuri." Ulinitazama, ukajua nimesema uongo, ukashukuru.

(Mwantumu anasema haya si ya kuandika kuhusu kaka yake. Nimemwambia kaka yake alikuwa mume wangu kabla hajawa mada ya kalamu yake, aandike.)

Basi nikajifunza peke yangu. Nilichana merikani nikakupiga winda, nguo ya kupitisha kati ya mapaja, imara lakini isiyobana, maana kinachoning'inia kinavuta na kinachovuta kinauma. Nilichovya kitambaa katika maji ya mtungi, yale ya chini yaliyopoa, nikakukanda, kikipata joto nachovya tena. Na nilipoona huwezi kulala chali kwa vile uzito wote unaegemea mapaja, nikachukua ngata yangu, ile ya nguo niliyokuwa nikitwikia mtungi, nikaiweka chini ya uvimbe wako ukakaa juu yake kama chungu. Ukavuta pumzi ndefu. Ulisema neno moja tu, "Ahaa," nami mpaka leo nikifunga ngata nalisikia.

Kisimani wanawake waliniuliza, "Mke wa bwana chumvi, ngata yako iko wapi?" Nikawaambia imeliwa na panya. Nilibeba mtungi kwenye utosi mtupu mpaka ulipopona, na utosi wangu ukawa mgumu kama kifuu.

Uvimbe ulianza kushuka. Zambarau ikawa manjano. Ulianza kujikuna, nikafurahi, kidonda kinachowasha kinaunga. Na hapo ndipo ulipoharibu. Ulisikia maneno ya watu kwamba ngariba amekufanya maksai, na kwamba ndiyo maana huonekani msikitini. Mwalimu wa msikiti mwenyewe alikuja akakuambia mlangoni kwamba mgonjwa ameruhusiwa kusali ameketi, na akishindwa asali amelala. Wewe ukajibu, "Nimesikia, mwalimu." Ijumaa ikafika ukavaa kanzu yako nyeupe, winda ukaivua eti inakufanya utembee kama bata, ukaenda ukasimama safu ya mbele wakuone. Rukuu ukaiweza. Ulipokwenda kusujudu, kidonda kikafunguka. Kanzu nyeupe, Baba Shomari! Ungeazima hata ya hudhurungi. Waliokuwa nyuma yako waliona wote, na wakakurudisha nyumbani wamekubeba juu ya mkeka, na wewe umejifunika uso.

Tukaanza upya. Safari hii hukubishana. Ngata, maji, winda, uji. Kidonda kikafumba kabisa, ikabaki ngozi ngumu kama mshono wa kanda. Ukarudi kwenye chumvi, unabeba nusu kanda, kisha zima. Watu wakasema umepona.

Mimi nilijua hujapona. Nayaandika haya kwa ajili ya wanawake, maana ngariba hayasemi. Kidonda kilifumba, woga ukabaki wazi. Ulilala ukingoni mwa kitanda mpaka nikadhani utaanguka. Nikikugusa mkono, unakumbuka kwamba hujafunga kuku. Na mimi nilikuwa msichana, nilidhani nimechusha. Nilijitazama, nikajifukiza udi, nikasuka nywele upya. Hukuangalia. Miezi ikapita hivyo, nami nikawa najiandaa kurudi kwa baba yangu. Furushi nilishalifunga. Hulijui hilo. Lilikuwa mvunguni.

Kisha ule mchana wa mvua ya masika, ukashindwa kwenda kazini kwa kuwa chumvi haipikwi mvuani. Makuti yalikuwa yanavuja upande wako wa kitanda, ukalazimika kusogea upande wangu. Tukawa tunatazama juu. Ukasema, bila kunigeukia:

"Nikijaribu isiwe, je?"

"Isiwe nini?"

"Unajua."

"Isipokuwa leo tutalala usingizi. Mvua nzuri."

Ukauliza tena, "Utaniacha?"

Nikasema, "Nikuache niende wapi na mvua hii, na paa lako linavuja namna hii halina wa kuliziba?"

Ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu ngariba. Siku ile hatukufanya lolote ila kucheka na kulala. Mvua ilikuwa ya siku nyingi, alhamdulillahi. (Mwantumu ameweka kalamu chini. Namngoja.)

Baadaye uliniapisha. Ulisema kukatwa watu wamekuona, basi. Kulia ukutani na kuogopa mke wako mwenyewe kusijulikane na mtu. Niliapa, na nimekaa na kiapo hicho maisha yangu yote. Shomari hajui. Hata Mwantumu ameyajua leo tu.

Lakini juzi nilimtazama mtoto yule na furushi lake, nikaliona langu la mvunguni. Nikamwambia yote, tangu zambarau mpaka mvua. Akalia, akacheka ya kanzu nyeupe, akalia tena. Kisha akasema, "Mimi nimekuelewa, bibi. Yeye nani atamwambia? Mimi hataki nimwone. Mama yake hawezi kumtamkia, na mama yangu ni mkwe."

Ni kweli. Mkwe hathubutu hata kutaja neno busha mbele yake. Ila mimi ni bibi. Kwa utani wetu Juma ni mume wangu, namtania nitakavyo naye hana ruhusa ya kukasirika. Nikafunga ngata yangu kwenye upindo wa kaniki, nikaazima punda wa jirani, asubuhi tukaenda Mlingotini.

Nilimkuta amelala ubavu, kagandamana na ukuta. "Hodi, mume wangu," nikasema, nikaingia bila kungoja karibu.

"Shikamoo, bibi," akasema ndani ya shuka.

"Marahaba. Umepiga winda?"

Shuka ikapanda juu zaidi.

"Nakuuliza, umepiga winda, au umeachia vitu vinaning'inia kama mafenesi?"

"Bibi!"

"Sikuja kutazama, nimetazama vya kutosha enzi zangu. Nimekuja kukupa habari. Unamkumbuka mume wangu wa kweli?"

"Mzee wa chumvi? Aliyekuwa akisali safu ya mbele?"

"Huyo. Naye alipasuliwa hivyo hivyo. Alivimba hivyo hivyo, nikamkanda kwa maji ya mtungi, yale ya chini. Wakamwita hilo neno wanalokuita. Na aligeukia ukutani akadhani amekwisha."

Shuka ikashuka kidogo, nikaona jicho moja. Akauliza polepole, "Alikuwa na umri gani, bibi?"

"Kama wewe. Tulikuwa hatuna mtoto bado."

Nikaona anapiga hesabu. Baba mkwe wake, Shomari, anamjua, amemlipa mahari kwa mkono wake, amemwona na ndevu zake na tumbo lake. Akajiinua kwa kiwiko, uso umemkunjika kwa maumivu, akasema, "Kwa hiyo baba mkwe..."

"Alizaliwa baada ya kisu," nikasema. "Na baada ya woga. Woga ulichukua muda mrefu kuliko kidonda, na wewe utakuchukua muda. Mwenzio asubiri, nawe usimfukuze anayekusubiri. Na Ijumaa hii usiende popote."

Alikaa akiutazama ukuta ule aliokuwa ameuzoea. Mwanahawa alikuwa mlangoni na furushi bado mkononi, hathubutu kuingia. Kisha Juma akasema, kwa sauti ndogo, si kwangu:

"Mwanahawa. Maji ya mtungi yapo?"

"Yapo."

"Yale ya chini?"

Nikamkabidhi mjukuu wangu ngata, nikatoka nje kwenda kumnywesha punda.

Basi nimevunja kiapo, mume wangu, na sitatubu. Barua hii hata sitaifunga. Mwantumu ataiacha wazi juu ya kasha, na mwanamke yeyote wa mji huu ambaye mume wake amegeukia ukutani aje asomewe. Aone ya kutarajia: kuvimba, zambarau, kuwashwa, hasira, kimya. Na baada ya kimya, mvua.

Kama umekasirika, kumbuka siku Shomari alipozaliwa. Nilikuwa bado sijaoshwa vizuri, wewe umesimama ukumbini hujui mikono uiweke wapi. Watu wa msikitini, wale wale wa safu ya nyuma, wakaja mlangoni wakaita, "Baba Shomari! Baba Shomari!" Hukuitika. Wakaita tena. Ukafunua pazia ukanitazama mimi, ukauliza taratibu, "Wananiita mimi?"

Lala salama. Niwekee nafasi upande wako, usiovuja.

Mkeo,
Mama Shomari