Dua ya Mishale Kumi na Miwili

Garissa, Jumatatu

Khalif,

Salaam aleikum. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya shule tuliyosoma pamoja, kwa sababu kwa Kisomali ningekutukana.

Sisi wazima. Mto umejaa, mbuzi wamepanda bei, na mikono ya baba siku hizi inatetemeka, kwa hiyo mishale kumi na miwili uliyoagiza ya kupamba ofisi yako huko Wajir nimeimaliza mimi. Nimeikwangua kwa kipande cha chupa, nikaipaka samli mpaka ikang'aa, nikafunga manyoya ya tai kwa kano za ng'ombe. Chini ya manyoya nimechoma miduara mitatu kwa msumari wa moto. Ulisema miduara hiyo inapendeza. Ni alama ya baba.

Mamako aliiona mlangoni petu siku mlipokuja kuniposa. Akasema ukoo wenu hauoi kwa watu wa upinde, mafundi wa mishale mnaotuona duni, na chai yangu akaiacha ikapoa. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako.

Jana baba aliuliza mishale ni ya nani. Hakuna mshale unaotoka kwake kabla hajamwombea mwenye mshale dua kwa jina lake. Nikamwambia ni ya Shuaib, yule anayetuletea maji kwa punda, na kila asubuhi hunywa chai yetu. Baba akainua mikono, akamwombea Shuaib mara kumi na mbili.

Mishale yako iko kwenye gunia. Itundike vizuri.

Qali binti Olow