Soli Bila Uso

Jumatatu, 4 Machi
Mvua tangu alfajiri. Ngozi haikauki, mgongo unauma, vidole vimechanwa na uzi. Mji huu wote ni viatu – ukipita uchochoroni kila dirisha linagonga nyundo. Waume wanashona soli, wake zao wanashona nyuso, ile ngozi ya juu, kwa uzi wa rangi. Kiatu cha nyumba moja, ndivyo wanavyosema. Mimi niko peke yangu, basi nashona soli tu, wengine wanamalizia. Jirani yangu wa benchi, Kisigino, leo kaniita tena "bwana nusu". Nikacheka. Haikunichekesha.

Alhamisi, 7 Machi
Bosi kaniita! Mzee wa mlango wa pili anaacha kazi, macho yamegoma. Chumba chake na benchi lake ni vyangu nikimleta mke anayeshona. Nisipomleta, anapewa mdogo wa Kisigino. Ila kwanza bosi auone mkono wa huyo mke – alete uso mmoja tu. Chumba chenye dirisha! Na mimi nalala na wanaume watano, mmoja anakoroma kama lori.

Jumamosi, 9 Machi
Nimempigia mama watoto. Nimemweleza yote. Anasema ameshona vitambaa tu, ngozi hajawahi hata kuitoboa. "Lakini nitajaribu, baba watoto." Binti kampokonya simu, anauliza huku kuna shule? Nikasema zimejaa tele, mpaka nyingine tunakaushia ngozi. Kacheka mpaka kakohoa. Dereva wa lori kabeba vipande vya ngozi, sindano na uzi, ampelekee.

Jumapili, 10 Machi
Sina kazi leo. Nimelala chali napanga kitanda kwenye chumba ambacho si changu. Natamani kumsikia akigombana na kuku. Hata akigombana na mimi.

Jumatano, 20 Machi
Umefika! Bosi kaupeleka uso dirishani, kaugeuza, kavuta uzi kwa ukucha. Haukulegea. "Huyu kajifunzia wapi? Mlete kabla mwezi haujaisha." Kisigino kanipa mkono, ingawa nduguye kakosa. "Haya, bwana mzima!" Nilitabasamu kama mjinga siku nzima.

Alhamisi, 21 Machi
Nimeuomba ule uso niutazame kwa raha zangu. Afadhali nisingeutazama. Mishono yote imelalia kulia. Mke wangu ni wa mkono wa kushoto, yake hulalia kushoto – foronya yangu hii hapa, kaishona yeye. Nimeviweka pamoja, nimerudia kutazama. Si yeye. Ni dada yake, yule anayeshona mikoba ya ngozi. Na bosi humketisha mke mgeni benchini siku ileile, mbele ya wanawake wote. Akishindwa, anarudishwa. Na chumba kinakwenda.

Ijumaa, 22 Machi
Nimepiga simu. Nimeuliza hali, nimeuliza mvua, mwisho nikauliza ule uso kashona nani. Nikasikia anamtoa mtoto nje.
– Nilishona, nikafumua, nikashona tena. Ngozi ikawa matundu matupu. Kipande cha mwisho nikampa dada.
Nikasema bosi atajua.
– Kwani hutaki nije?
Nataka! Nilisema nataka mara tatu. Akasema basi, ameshafunga mizigo, lori linaondoka kesho. Sikusema asije. Sikumwambia bosi pia.
Jioni bosi kanipa ufunguo nikafagie. Nimefagia. Chumba kinanuka gundi, dirisha linafunguka vizuri. Kando ya benchi kuna msumari wa kutundikia uzi, upande wa kulia. Nimeung'oa. Sasa nagonga kushoto, ukuta unamomonyoka, msumari haushiki. Nimesogea kidogo, nagonga tena.