Verlie Sizemore na Wimbo wa Vijito Vyote

Mwaka umeshatimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Mei ulipotutoka. Gitaa lako bado limetundikwa jikoni, palepale karibu na jiko, na halina vumbi, maana kila apitaye hulifuta kwa kiganja.

Ulitunga nyimbo huku ukikoroga unga. Ubeti ukikataa kukaa sawa, mkate wa mahindi uliungua, nasi tukaula hivyo hivyo. Jumamosi wewe na Baba mlipanda pikapu, mkaenda kuimba makanisani na kwenye kumbi za zimamoto katika vilima hivi vya Kentucky. Wewe sauti ya kwanza, yeye ya pili, chini yako.

Ule wimbo wako wa kurudi nyumbani haukuwa na ubeti wa mwisho mmoja. Kila ulipofika, ulitia jina la kijito cha watu wa hapo, na wazee walilia. Bwana mmoja wa kampuni ya muziki akaja kutoka Nashville: "Bi Verlie, chagua kijito kimoja tu, turekodi."

"Na wa vijito vingine niwaambie nini, bwana?" ukamjibu. "Wahame?"

Mjomba Dewey, kaka yako, alikucheka mwaka mzima. "Dada yangu kakataa ulaji kwa ajili ya maji ya vyura!" Hukukasirika. Ulimwongezea maharage.

Ulipoondoka, Baba aliacha kuimba. Hata kanisani alikaa kimya, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani. Tuliogopa sana, Mama. Tuliona kama tumewazika wawili.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya kupamba makaburi. Watu walikuja kutoka mabonde yote na maua yao na kuku wao wa kukaanga. Baada ya kula wakauanza wimbo wako, Baba kasimama tu, kofia mkononi. Wimbo ulipofika ubeti wa mwisho, kila mtu akaimba kijito chake! Laurel huku, Stillhouse kule, na Mjomba Dewey akipaza Buckeye kuliko wote. Wimbo ukavurugika, ukakatika. Tukabaki tumeinamisha vichwa kwa aibu, mbele ya kaburi lako.

Ndipo Baba akacheka. Alicheka mpaka akaegemea jiwe lako.

"Verlie, ona fujo uliyotuachia!" Kisha akatugeukia. "Haya, tena. Kila mtu na chake, msiogope."

Akaanza yeye, kwa sauti ileile ya pili, akikuachia nafasi yako juu. Tukaijaza sisi sote, ovyo ovyo, na ilipendeza.

Sasa gitaa linashuka ukutani kila siku. Jana asubuhi Baba aliunguza mkate wa mahindi, nasi tukaula wote bila kubakiza.

Unakumbukwa na mumeo Harlan, kaka yako Dewey, wanao Nadine na Rufus, wajukuu, na majirani wa mabonde yote uliyoyaimba. Daima tutakukumbuka, Mama, kila mtu kwa kijito chake.